Mafuta yasiyokubali kuwa sabuni: Jinsi miale isiyoonekana inavyofichua ulaghai wa kikaangoni

KATIKA soko la Matinyani, magharibi ya mji wa Kitui, kama ilivyo katika masoko mengi ya Ukambani, si ajabu mafuta ya kupikia kununuliwa kwa kipimo. Mnunuzi huja na chupa yake, muuzaji akainamisha mtungi wa lita 20, na kwa shilingi chache familia ikapata mafuta ya kukaangia kitunguu cha muthokoi wa jioni. Biashara hiyo haina lebo, haina jina la kiwanda wala tarehe ya kuharibika. Kilichopo ni imani baina ya watu wanaofahamiana.

Imani hiyo hutosha siku nyingi. Hata hivyo, kuna mambo ambayo muuzaji mwenyewe, hata awe mwaminifu kiasi gani, hawezi kuyajua, kwa sababu macho, pua na ulimi havina uwezo wa kuyatambua. Mafuta ya mawese yakishasafishwa kiwandani hubakia na rangi hafifu na harufu isiyo na maana. Ya alizeti na ya soya ni vivyo hivyo. Na mafuta ya transfoma ya umeme, yakiwa bado mapya au yakichujwa vizuri, huwa na manjano iliyopauka inayofanana na "salad", jina ambalo Wakenya wengi huyaita mafuta ya kupikia ya majimaji.

Mfano huo wa transfoma si wa kubuni. Kwa miaka mingi kampuni ya Kenya Power imekuwa ikilalamikia wizi wa mafuta katika transfoma zake, na vyombo vya habari vya humu nchini na vya ng'ambo vimeripoti mara kadhaa kwamba sehemu ya mafuta hayo huishia katika karai za wauzaji wa chipsi na vyakula vingine vya kukaanga. Matinyani inatajwa hapa si kwa kuwa imewahi kupatikana na hatia hiyo, bali kwa kuwa hali yake ni ya vituo vingi vya biashara mashambani. Mafuta huuzwa kwa kipimo, vibanda vya kukaangia havikosekani, transfoma iko juu ya mlingoti, na maabara iko mbali. Tangu mradi wa kusambaza umeme hadi vijijini ulipozinduliwa mwaka wa 2015, ukilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma iliyopo, mitambo hiyo imekuwa sehemu ya mandhari ya kijiji.

Ndani ya transfoma, mafuta hufanya kazi mbili: kuzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine, na kuondoa joto. Yakifyonzwa, mtambo huungua na kijiji kizima huingia gizani, pamoja na kinu cha kusagia mahindi na jokofu la chanjo katika zahanati. Hasara hiyo huonekana siku hiyo hiyo. Hasara ya pili, ile inayoingia tumboni, huchukua muda.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni kwa nini mtu akubali kukaangia viazi katika mafuta ya mtambo. Bei ni sababu mojawapo, lakini si yote. Sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba mafuta hayo hayachoki upesi. Ajuaye kazi ya karai anafahamu jinsi mafuta ya kawaida yanavyobadilika baada ya mikaango kadhaa: huwa meusi, hutoa povu na moshi, na chakula huanza kunata. Mafuta ya transfoma hustahimili zaidi, na mwenye kibanda huona faida yake ikiongezeka. Jambo hilo moja, yaani ukaidi wa mafuta hayo mbele ya moto na maji, ndilo linalomsaliti mlaghai mbele ya chombo cha kisayansi. Ili kulielewa, yafaa kuanza na sabuni.

Mafuta yote yanayoliwa, yawe ya mawese, alizeti, nazi, pamba au ng'ombe, yana umbo moja la msingi. Kila chembe yake ni kama reki yenye meno matatu marefu. Mpini ni gliseroli, na meno ni asidi za mafuta. Mahali ambapo kila jino limeungana na mpini pana kiungo ambacho wanakemia hukiita esta, na ndani yake kaboni na oksijeni zimeshikana kwa mikono miwili. Atengenezaye sabuni hutumia magadi makali kuvunja viungo hivyo, na meno yaliyoachiliwa huwa sabuni. Maji yanayotoka katika viazi ndani ya karai la moto hushambulia mahali hapo hapo, na ndiyo maana mafuta ya kupikia huchoka.

Mafuta ya transfoma hutokana na petroli ghafi. Ni minyororo na pete za kaboni na haidrojeni tu, bila mpini wala meno, bila oksijeni na bila kiungo chochote ambacho magadi yanaweza kukishika. Ukiyachemsha na magadi mchana kutwa, hayatakuwa sabuni. Wanakemia wametumia ukweli huu tangu zamani: tone la mafuta linalotiliwa shaka huchemshwa katika alkoholi yenye potashi, kisha maji huongezwa. Mafuta halisi yaliyogeuka sabuni huyeyuka na kuacha maji maangavu. Yakiwa na mafuta ya madini ndani yake, maji hupata ukungu. Ni kipimo kizuri na cha gharama ndogo, lakini kinahitaji kemikali zinazounguza, moto, muda na mtu aliyefunzwa. Afisa wa afya mwenye chupa 50 za kupima katika siku moja ya soko hawezi kukitumia.

Hapo ndipo miale ya infraredi inapoingia. Mwaka wa 1800 mwanaastronomia William Herschel, aliyekuwa akifanya kazi nchini Uingereza, alipitisha nuru ya jua katika prizimu na kuweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kipimajoto kilipanda zaidi. Alikuwa amegundua mwanga ambao binadamu huuhisi kwa ngozi tu, ule ule ambao mtu aliyekaa karibu na makaa huupata usoni hata kama hakuna ndimi za moto.

Mwanga huo una sifa yenye manufaa makubwa kwa mkemia. Vifungo vinavyounganisha atomu si vigumu kama msumari bali hunesa kama springi, na kila aina ya kifungo ina mwendo wake wa kunesa. Mwale wa infraredi ukipita, kifungo hunyakua sehemu ile tu inayolingana na mwendo wake na kuuacha mwanga mwingine uende zake. Chombo kikipima ni sehemu gani za mwanga zimenyakuliwa na kwa kiasi gani, huchora mstari wenye vilele. Mstari huo, unaoitwa spektamu, ni orodha ya vifungo vilivyomo ndani ya tone la mafuta.

Kifungo cha kaboni na oksijeni katika esta hujitokeza kwa kilele kirefu karibu na 1,745, namba inayohesabu mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Katika mafuta yanayoliwa, kilele hicho hakikosi, na ni miongoni mwa vilele virefu kuliko vyote kwenye mstari. Kingine kinachoambatana na esta huonekana karibu na 1,160. Katika mafuta ya transfoma yaliyo mapya na safi, mahali hapo pawili huwa tambarare kama uwanja. Husalia tu vilele vya kaboni na haidrojeni, kati ya 2,850 na 2,960, na vingine vidogo karibu na 1,460, 1,377 na 720.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Iwapo muuzaji wa jumla ametia lita nne za mafuta ya mtambo katika mtungi wa lita 20, sehemu moja kati ya tano ya viungo vya esta imetoweka, na kilele cha 1,745 kitapungua kwa takriban kiasi hicho. Ulinganisho na mizani unaonyesha tofauti ilivyo kubwa. Lita moja ya mafuta ya mimea ina uzito wa takriban gramu 920, na ya madini takriban gramu 880. Mchanganyiko uliotajwa utakuwa na gramu 912. Hakuna mizani ya sokoni itakayomshawishi hakimu kwa gramu nane. Kilele kilichopungua kwa moja ya tano, kwa upande mwingine, hata mtu asiye mtaalamu atakiona kwa macho.

Kazi yenyewe haina makuu. Katika vyombo vya kisasa, tone moja huwekwa juu ya kipande kidogo cha almasi. Mwanga hupita ndani ya almasi na kuyagusa mafuta kwa kina ambacho ni sehemu ndogo mno ya unene wa unywele. Kompyuta hukusanya mawimbi yote kwa pamoja na kuyatenganisha kwa hesabu iliyobuniwa na Mfaransa Joseph Fourier karne mbili zilizopita, na kwa muda wa dakika moja au mbili mstari huwa tayari. Tone hufutwa kwa kitambaa na jingine likawekwa. Viko pia vyombo vidogo vya kubebwa mkononi, ingawa bei yavyo bado si ya mfuko wa kila idara ya afya.

Ugumu huanza pale mlaghai anapoacha transfoma na kuchanganya mafuta ya mimea kwa mafuta ya mimea. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje, hususan mawese ya kusini mashariki mwa Asia, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu kuliko ya alizeti. Mwenye kutia mawese katika chupa yenye picha ya ua la alizeti hamuui mtu, lakini anamwibia. Na hapa esta haisaidii, kwa sababu mafuta yote mawili yanazo kwa wingi unaokaribiana.

Tofauti hutafutwa kwenye meno ya reki. Asidi za mafuta ya alizeti ya kawaida zina mikunjo mingi, yaani sehemu ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. Za mawese zina michache. Wanakemia huipima hali hiyo kwa kiasi cha ayodini ambacho mafuta hunywa. Viwango vya kimataifa vya Codex huweka alizeti ya kawaida kati ya 118 na 141, ilhali mawese hayavuki sana 55. Kwenye spektamu, mikunjo huonekana kama kilele kidogo karibu na 3,009 kwa alizeti, na kifupi zaidi karibu na 3,005 kwa mawese. Tofauti ya namba nne katika elfu tatu si ya kuonwa kwa jicho. Kompyuta hulazimika kuutazama mstari mzima, kulinganisha mamia ya nukta kwa wakati mmoja, na kuamua tone hili linafanana na kundi gani.

Uwezo huo kompyuta hauzaliwi nao. Kama vile mchungaji anavyomjua mbuzi wake kwa kuwa amemwona tangu akiwa mwanambuzi, chombo hujifunza kwa kuonyeshwa mafuta halisi mengi ya asili inayojulikana: ya misimu tofauti, mashamba tofauti na viwanda tofauti. Anayenunua chombo bila mkusanyo huo amenunua darubini asiyejua pa kuielekeza. Tafiti nyingi za aina hii duniani zimefanywa kuhusu mafuta ya zeituni, bidhaa ambayo si wengi huinunua Matinyani. Isitoshe, zipo mbegu za alizeti zilizozalishwa mahsusi ziwe na mikunjo michache. Mafuta yake ni halali kabisa, lakini kompyuta isiyofunzwa itamwita mkulima wake mlaghai. Jambo hili husahaulika mara nyingi wauzaji wa vyombo wanapopita wakivisifu.

Kuna pia dhana za mitaani ambazo zimewaponza watu wasio na hatia. Baadhi ya wanunuzi huamini kwamba mafuta yanayoganda yametiwa kitu. Mafuta ya mawese huanza kupata ukungu baridi inapozidi, na chupa inayoganda Limuru mwezi wa Julai huenda ikabakia angavu mwaka mzima katika joto la Kitui. Kuganda huonyesha aina ya mafuta. Hakuonyeshi wizi.

Infraredi huweza kusaidia pia katika mafuta yaliyochoka, yale ambayo yametumika mara nyingi kisha yakachujwa na kuchanganywa na mapya. Kukaanga kwa muda mrefu hupunguza mikunjo, huikunjua mingine na kuzaa kilele karibu na 966, na hukifanya kile cha 1,745 kipanuke. Ujerumani hutumia kikomo cha asilimia 24 ya viini vilivyoharibika katika mafuta ya kukaangia, na Ufaransa na Uhispania asilimia 25. Yakivuka hapo, hutupwa.

Ila kuna mipaka ambayo chombo hiki hakiwezi kuivuka, na mkazi wa Kitui au Makueni ana sababu ya kuifahamu kuliko wengi. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki katika wilaya za mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zilizoathirika zaidi, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu inayozaa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hupimwa kwa sehemu katika bilioni. Infraredi husikia sauti ya umati, na mtu mmoja anayenong'ona katikati ya umati huo haisikii. Chochote kilicho chini ya asilimia moja hivi huanza kuipotea.

Ndivyo ilivyokuwa Uhispania mwaka wa 1981. Wachuuzi waliuza mafuta ya rapa, yaliyokuwa yametiwa anilini ili yatumike viwandani pekee, wakiyapitisha nyumba kwa nyumba katika mitungi ya lita tano isiyo na lebo na kuyaita ya zeituni. Takriban watu 20,000 waliathirika na zaidi ya 300 walifariki katika kipindi cha mwanzo. Chombo cha infraredi kingetambua kwamba hayo hayakuwa mafuta ya zeituni, na hilo pekee lingetosha kusimamisha uuzaji. Kiini chenyewe cha sumu, hata hivyo, kilikuwa kidogo mno, na wanasayansi waliendelea kukitafuta kwa miaka mingi. Nchini Morocco, mwaka wa 1959, watu wapatao 10,000 walipooza katika eneo la Meknes baada ya mafuta ya kupikia kuchanganywa na vilainishi vya injini za ndege.

Kwa mafuta ya transfoma, mnong'ono wa kuogopwa unaitwa PCB. Kemikali hizi zilitiwa katika mitambo ya umeme kwa miongo mingi kwa sababu hazishiki moto. Mwaka wa 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka na kupita kwa mtoto kupitia maziwa ya mama. Mwaka wa 1968, magharibi mwa Japani, zilivuja kutoka bomba la kupashia joto na kuingia katika mafuta ya pumba za mchele. Maelfu ya watu waliripoti vipele vya ajabu, uchovu na maradhi ya macho, na watoto walizaliwa na ngozi iliyogeuka rangi. Taiwan ilikumbwa na balaa kama hilo mwaka wa 1979, na takriban watu 2,000 wakaathirika.

Transfoma za kisasa hujazwa mafuta yasiyo na PCB, lakini zile kuukuu, au zilizowahi kuongezwa mafuta kwa pampu iliyotumika katika kuukuu, zinaweza kuwa nazo. Tone la mchanganyiko likiwekwa juu ya almasi, kilele cha 1,745 kitasema kwamba mafuta ya mtambo yamo. Hakitasema iwapo yalitoka katika mtambo mpya au wa zamani. Kwa hilo inahitajika kromatografia ya gesi, chombo kikubwa kinachotenganisha viini kimoja baada ya kingine na ambacho hakibebwi sokoni.

Kwa hiyo vipimo viwili hufuatana, na mpangilio wake una maana kwa bajeti ya kaunti. Huduma za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013, na maafisa wa afya ya umma walio karibu na vibanda vya Matinyani ni waajiriwa wa Kaunti ya Kitui. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kilichoghushiwa. Maabara kuu za Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa, KEBS, na za Mkemia wa Serikali ziko Nairobi, takriban kilomita 180 kutoka Kitui. Kupeleka huko kila chupa inayotiliwa shaka ni kujaza gari chupa zisizo na kosa. Chombo cha infraredi kikiwa karibu huondoa nyingi kati ya hizo kwa dakika chache, na ni zile zilizopungukiwa na esta pekee zinazosafiri.

Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu sugu mwaka wa 2004. Mkataba huo ulizitaka nchi wanachama zisiwe zikitumia vifaa vyenye PCB kufikia mwaka wa 2025, na ziwe zimeyashughulikia mafuta na vifaa hivyo kwa njia salama kufikia mwaka wa 2028. Transfoma inayofyonzwa usiku hutoka katika hesabu hiyo. Mafuta yake hayamo tena kwenye daftari la kampuni ya umeme, na hayajaingia kwenye la afisa wa afya.